Kasha la 4K la Blade Runner: The Final Cut, kwa anayejiandaa na mwendelezo

Miaka 35 ilipita kati ya Blade Runner ya 1982 na mwendelezo wake, Blade Runner 2049, uliotoka Oktoba 2017. Sasa kuna sura nyingine inayongojewa: tamthilia ya Blade Runner 2099, iliyoagizwa na Amazon kwa ajili ya Prime Video, ndani yake wakiwamo Michelle Yeoh na Hunter Schafer, na Ridley Scott, mwongozaji wa filamu ya kwanza, akiwa mmoja wa watayarishaji watendaji. Anayeingoja na hajawahi kuiona filamu ya kwanza, au aliiona zamani kwenye mkanda, atataka kuanzia mwanzo. Shida ni kwamba mwanzo wenyewe si mmoja. Yapo matoleo saba yanayojulikana ya filamu ile ile, na hayakubaliani hata juu ya namna inavyokwisha.

Kasha tunalolipima ni la 4K Ultra HD, lililotoka Marekani tarehe 5 Septemba 2017, mwezi mmoja kabla ya mwendelezo kuingia kumbini. Lina diski nne: The Final Cut kwa 4K, The Final Cut kwa Blu-ray ya kawaida, Blu-ray ya tatu yenye matoleo matatu ya zamani, na DVD ya Dangerous Days, filamu ya makala ya saa tatu na nusu inayoeleza jinsi kazi yote ilivyofanyika. Mwenye deki ya 4K alinunue bila kusitasita. Asiye nayo asitoe pesa kabla ya kusoma habari za deki hapa chini, maana hapo ndipo wengi huumia.

Tuanze na toleo, kwa sababu ndilo linaloamua utaingia kwenye mwendelezo ukiwa na swali gani kichwani.

Toleo lililoonyeshwa Marekani kuanzia tarehe 25 Juni 1982 lilizaliwa na hofu ya wenye pesa. Watazamaji wa majaribio huko Denver na Dallas, Machi mwaka huo, walitoka wamechanganyikiwa, basi yakaongezwa mambo mawili: sauti ya Harrison Ford akisimulia anayoyawaza Deckard, polisi mwindaji anayemwigiza, na mwisho mwema wa Deckard na mpenzi wake Rachael wakisafiri kwa gari milimani. Picha za angani za milima hiyo ni mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Mtazamaji aliyelelewa na Lufufu au DJ Afro hana ugomvi na msimulizi anayezungumza juu ya picha. Hao huongeza utamu. Ford hapa anasoma kwa shingo upande, na kibaya zaidi anaeleza kile ambacho picha imekwisha kukionyesha. Toleo la kimataifa la mwaka huo ni hilo hilo, isipokuwa lina sekunde chache zaidi za ukatili.

Director's Cut ya 1992 iliondoa msimulizi na milima, ikaingiza ndoto fupi ya farasi mwenye pembe moja, na ndoto hiyo ikageuza hadithi nzima. Mwishoni Deckard anaokota sakafuni farasi wa karatasi mwenye pembe moja, kazi ya mikono ya mwenzake Gaff. Bila ndoto, karatasi ile inasema jambo moja tu: Gaff alipita hapa, alijua Rachael yumo ndani, akaamua kumwacha. Ndoto ikiwapo, mtu anaanza kujiuliza Gaff aliyajuaje yaliyomo kichwani mwa Deckard. Jibu linalojileta lenyewe ni kwamba ndoto ilipandikizwa, kama zilivyopandikizwa kumbukumbu za Rachael, na kwamba mwindaji naye ni replikanti, yaani kiumbe wa kutengenezwa mwenye umbo la mtu. Scott amelisema hilo waziwazi mara nyingi. Ford alibishana naye kwa miaka, akitaka awepo angalau binadamu mmoja ambaye mtazamaji anaweza kumshika.

Toleo la 1992 liliunganishwa kwa haraka na Scott hakuridhika nalo. The Final Cut ya 2007, yenye dakika 117, ndilo toleo pekee alilolimalizia kwa uamuzi wake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndoto imo kwa urefu wake kamili, ukatili wa toleo la kimataifa umerudishwa, na makosa yaliyokuwa yakiwakera watu kwa robo karne yamerekebishwa. Bryant, mkuu wa polisi, zamani alisema walitoroka replikanti sita na mmoja akafa kwa umeme. Wanabaki watano, lakini Deckard anapewa wanne tu. Watu walijenga nadharia ndefu kwamba wa tano ni Deckard mwenyewe. Ukweli ulikuwa mfupi zaidi: kulikuwa na mhusika mwingine wa kike, Mary, aliyekatwa kwenye skripti, na hesabu ikasahauliwa. Katika The Final Cut Bryant anasema waliokufa ni wawili. Mahali Zhora, mmoja wa replikanti hao, anapokimbia akipasua vioo, zamani ulimwona dhahiri mwanamke mwingine amevaa wigi. Uso wa Joanna Cassidy, aliyerudi kupigwa picha upya, umewekwa juu ya ule wa mwigizaji mbadala. Deckard anapomhoji muuza nyoka, midomo na maneno havikuwa vinaoana hata kidogo, na kilichotumika kurekebisha ni mdomo wa Ben Ford, mtoto wa Harrison. Njiwa wa mwisho alikuwa akipaa kwenye anga ya buluu ya mchana wakati mvua ya usiku inanyesha. Sasa anapaa kwenye anga inayolingana na usiku ule. Waya zilizokuwa zikiinua magari ya kuruka zimefutwa.

Hizo si nakshi za bure. Mwendelezo unaokota hadithi miaka 30 baada ya mlango wa lifti kujifunga mbele ya Deckard na Rachael, na The Final Cut inakwisha hapo hapo mlangoni. Toleo la 1982 linakwenda mbele na kukuambia kupitia msimulizi kwamba Rachael hakuwekewa tarehe ya kufa. Ukiisikia sentensi hiyo kabla ya 2049, umepewa jibu mapema na mtu asiyeaminika. Denis Villeneuve, mwongozaji wa 2049, alijizuia kwa makusudi kuamua kama Deckard ni mtu au la, na mazungumzo kadhaa ya filamu hiyo yamepangwa yakubaliane na majibu yote mawili. Anayetoka kwenye The Final Cut ndiye anayeuona mchezo huo.

Sasa picha. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa na Jordan Cronenweth kwa mkanda wa upana wa 35mm, lakini picha za ufundi wa miniecha (vijimfano vidogo), yaani jiji, magari na mapiramidi ya Tyrell, kampuni inayounda replikanti, zilipigwa kwa 65mm. Sababu ni ya kikazi kabisa: siku hizo picha iliunganishwa kwa kunakiliwa filamu juu ya filamu, na kila nakala ilipoteza ubora. Ukianza na filamu pana, hata baada ya tabaka nyingi hushuki chini ya 35mm. Kwa The Final Cut, negativu za 35mm zilisomwa kwa 4K na zile za 65mm kwa 8K, na kazi ya mwisho ikafungwa kwa 4K tayari mwaka 2007, wakati filamu nyingi zilikuwa zikifungwa kwa 2K. Kwa hiyo diski hii ni ya 4K kweli, haikutanuliwa. Utaliona hilo dakika za kwanza kabisa: taa ndogo ndogo za uwanda wa viwanda, ambazo ni nyuzi za fiba nyuma ya vipande vya shaba vilivyochongwa, zinasimama moja moja badala ya kuungana kuwa ukungu.

Chembechembe utaziona pia, hasa kwenye vyumba vyenye moshi. Ni za filamu yenyewe, si kasoro, na hapo ndipo TV nyingi huharibu kazi. Zikiwa na mpangilio wa dukani, hujaribu kuzifuta chembe hizo na kulainisha mwendo, mwisho nyuso zinakuwa kama nta na filamu inafanana na kipindi cha asubuhi. Chagua hali ya Filmmaker Mode, na kama haipo, Movie au Cinema. Zima kilainisha mwendo: Samsung wanakiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Zima kipunguza chembe, shusha ukali wa kingo, zima kiokoa umeme na kile kinachobadili mwanga kufuatana na chumba. Kisha nenda kwenye mpangilio wa tundu la HDMI lenyewe, maana TV nyingi huja likiwa limefungwa kwenye kiwango cha chini: Samsung ni Input Signal Plus, LG ni HDMI Deep Colour, Sony ni Enhanced format. Ukilisahau hilo, deki itatoa 4K bila HDR, yaani ule upana wa mwanga na rangi, na utailaumu diski.

HDR yenyewe ina mtego. Diski inatumia HDR10, na filamu hii ni ya usiku, mvua na moshi karibu mwanzo hadi mwisho. TV za bei nafuu zilizoandikwa 4K HDR zinapokea mawimbi lakini hazina mwanga wa kutosha kuyaonyesha, basi sehemu za giza zinafungana na koti la Deckard linazama ukutani. Kipimo kizuri ni mahojiano ya Leon mwanzoni, chumba chenye feni na moshi. Moshi ukijigawa mistari mistari kama ngazi, au ukuta wa nyuma ukipotea kabisa, funga mapazia ujaribu tena. Bado? Zima HDR kwenye deki, au weka ile Blu-ray ya kawaida iliyomo kwenye kasha. Blu-ray kwenye TV hafifu inapendeza kuliko 4K HDR kwenye TV hiyo hiyo, na wala si aibu.

Usitanue picha ijaze kioo. Filamu ni pana, takriban 2.4 kwa 1, kwa hiyo mistari myeusi juu na chini ni ya halali. Kwenye TV ya inchi 43 picha itakuwa na kimo cha kama sentimita 40 tu kati ya 53 za kioo. Sogeza kiti mpaka mita moja na nusu, vinginevyo unalipia 4K usiyoiona.

Sauti ni Dolby Atmos. Muziki wa Vangelis umepewa nafasi ya kupumua na mvua inakuja toka juu kwa wenye spika za darini. Kwa wengi wetu wenye saundi baa, jambo la kuangalia ni waya. HDMI ARC ya kawaida, tundu linalorudisha sauti kutoka TV kwenda saundi baa, haiwezi kubeba Atmos kamili ya diski. Inahitajika eARC, au uchomeke deki moja kwa moja kwenye saundi baa kisha saundi baa kwenye TV. Ukitumia spika za TV pekee na ukapata picha bila sauti, ingia kwenye deki ubadilishe sauti kutoka Bitstream kwenda PCM. Hakuna maandishi ya Kiswahili. Washa ya Kiingereza hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa sababu Bryant na Deckard wanaongea kwa kunung'unika. Ile lugha ya mitaani ya Gaff, mchanganyiko wa Kihangari, Kijapani, Kijerumani na nyinginezo, hukutakiwa uielewe yote. Mwigizaji Edward James Olmos ndiye aliyeiunga.

Deki. Deki ya DVD ya nyumbani haiwezi kusoma Blu-ray, na deki ya Blu-ray ya kawaida haiwezi kusoma 4K. Hakuna programu ya kuisasisha ikaweza. Zinazoweza ni deki zilizoandikwa Ultra HD Blu-ray, PS5 yenye mlango wa diski, na Xbox One S, One X na Series X zenye mlango huo. PS4 haiwezi, hata Pro. Xbox Series S haina mlango wa diski kabisa. Kwenye Xbox utapakua kwanza programu ya Blu-ray kutoka duka lake, hivyo uwe na intaneti siku ya kwanza. Kompyuta tusizungumzie sana: uchezaji rasmi wa diski hizi ulitegemea kipengele cha usalama cha Intel ambacho prosesa zake mpya za kompyuta za kawaida hazina tena.

Halafu kanda, yaani maeneo ya dunia ambamo diski huuzwa. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, zinacheza popote. Blu-ray zina kufuli: Afrika Mashariki iko B pamoja na Ulaya, Marekani iko A. Warner, watoaji wa diski hizi, huziacha nyingi wazi, lakini usinunue kwa kubahatisha kama unategemea diski ya matoleo ya zamani. DVD ndizo zenye usumbufu zaidi. Sisi tuko kanda ya 5, Marekani ni 1, Uingereza na Ghuba ni 2. Dangerous Days kutoka kasha la Marekani inaweza kukataa kwenye PS5 iliyonunuliwa hapa na ikakubali kwenye deki ya bei chee ya Kariakoo au Luthuli Avenue, kwa kuwa nyingi za hizo huja zikiwa zimefunguliwa kanda zote. Ndugu aliye Uingereza au Dubai akikuletea, mwombe asome nyuma ya kasha kabla ya kulipa na kuhesabu diski. Yapo makasha ya The Final Cut yenye diski chache zaidi, na humo matoleo ya 1982 na 1992 huenda yasiwemo. Toleo la majaribio, lile la Denver na Dallas, halimo hata kwenye kasha hili la diski nne. Hilo litafute kwenye kasha la diski tano la Desemba 2007 au la maadhimisho la 2012.

Na uigeuze diski. DVD ya kuchoma ina rangi ya zambarau chini. Diski halisi ya kiwandani haina rangi hiyo. Kasha lililoandikwa 4K lenye diski moja ya zambarau ni DVD ya kawaida iliyovalishwa nguo mpya.

Je, usitazame tu mtandaoni? Hesabu ni hii. Huduma za 4K zinataka takriban megabiti 15 kwa sekunde. Dakika 117 kwa kasi hiyo ni kama GB 13, na 2049 yenye dakika 163 ni GB 18 na ushee. Kwa HD ya megabiti 5, The Final Cut inakula GB 4.4. Mwenye fiba isiyo na kikomo hana la kuumiza kichwa. Mwenye bando la simu atakuta filamu mbili zimemaliza bando la mwezi, tena kwa picha iliyobanwa, na moshi na mvua ndivyo vitu vinavyoteseka zaidi picha inapobanwa. Kama ni mtandaoni, hakikisha jina lina maneno The Final Cut. Kilichoandikwa Blade Runner (1982) tupu kinaweza kuwa toleo lolote.

Mpangilio wa kutazama tunaoupendekeza: The Final Cut kwanza. Baada yake filamu fupi tatu zilizotengenezwa kuziba pengo la miaka 30, ambazo zimo kwenye nyongeza za Blu-ray ya 2049 na ziliwekwa YouTube bure. Black Out 2022 ya Shinichiro Watanabe, katuni ya dakika 15, ndiyo usiyopaswa kuiruka. Inaeleza kwa nini kumbukumbu za kidijitali zimeteketea, na bila hilo upekuzi wa K, mhusika mkuu, kwenye nyaraka katika 2049 unaonekana wa ajabu. 2036: Nexus Dawn inamtambulisha Wallace, mrithi wa biashara ya Tyrell. 2048: Nowhere to Run ni ya Dave Bautista na inamalizikia karibu kabisa na pale 2049 inapoanzia, ukiwa na haraka, hii unaweza kuiacha.

Diski ya 4K ya 2049 ni mnyama mwingine. Roger Deakins aliipiga kwa kamera za kidijitali za Arri, na ndiyo iliyompa Oscar yake ya kwanza baada ya kuteuliwa mara 13 bila kushinda. Picha ni safi mno, haina chembe, na HDR yake ni ya kiasi. Ukiona mwanga haukuchomi macho, TV haijakosea. Wanaokumbuka IMAX wajue kwamba picha ndefu zaidi ya kule haimo kwenye diski, umebaki upana wa kawaida. Muziki wa Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch umejaa besi nzito kupita ile ya Vangelis, kiasi kwamba sabufa ndogo hupasua sauti pale magari yanapopita juu ya ukuta wa bahari. Ishushe sabufa kidogo kabla ya kuanza, hasa kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani.

Dangerous Days iache mpaka umalize filamu zote mbili. Inafichua kila kitu cha ile ya kwanza, ikiwemo jinsi Rutger Hauer, anayeigiza kiongozi wa replikanti, alivyoyapunguza maneno yake ya kufa na kuongeza mstari wake mwenyewe, na ukishaujua ufundi huo huwezi kuusahau tena unapotazama. Toleo la 1982 lenye msimulizi liweke mwisho kabisa, au liwashie mgeni anayebisha kwamba lilikuwa bora.